Uza alikosea wapi: barua kwa Mama, Tabora

Dresden, Ujerumani

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Baba naye mfikishie shikamoo yake. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, nimeusikiliza mpaka mwisho pamoja na jogoo wa jirani aliyekuwa akiingilia maongezi. Umesema Alhamisi zamu ya somo ni yako, somo lenyewe ni kuzitii amri za Mungu bila kupunguza, na kuna mama mmoja kikundini ameshatangaza swali lake: "Mtu aliona sanduku la Mungu linataka kuanguka, akalishika, akafa. Kosa lake nini?" Halafu ukashusha sauti ukasema hata wewe unaona mtu huyo, Uza, alionewa. Basi nitakaa hapo hapo kwa Uza, maana huyo ukimwelewa, wengine watakuwa rahisi.

Kwanza usianze na Uza. Ukifungua 2 Samweli 6 moja kwa moja umeshachelewa, kosa limekwisha kufanyika. Waulize wenzako wanaolima tumbaku Urambo: jani likitoka kwenye bani, lile banda la kukaushia, na ukijani, mkulima aliharibu lini? Soko ndilo linalomwonyesha hasara, lakini uharibifu ulitokea siku zile za mwanzo, pale moto ulipopandishwa haraka kabla jani halijaiva njano. Baada ya hapo hata ukilinda moto usiku kucha, ule ukijani hautoki. Habari ya Uza imekaa hivyo. Uwanja wa kupuria alipofia ni soko tu. Bani liko nyuma, kwenye Kutoka na Hesabu.

Anzia Kutoka 25:10-15. Sanduku lilikuwa la mti wa mshita, limefunikwa dhahabu ndani na nje, urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, kimo dhiraa moja na nusu. Dhiraa moja ni kama sentimita 45, kwa hiyo urefu ni kama sentimita 112, na upana na kimo kama 67. Ni kitu cha ukubwa wa lile sanduku la mninga mnaloweka vitenge chumbani, si kontena kama watu wanavyolichora kichwani. Pembeni lina vikuku vinne vya dhahabu, na miti miwili ya mshita iliyofunikwa dhahabu inapita ndani ya vikuku. Mstari wa 15 unasema miti hiyo isitolewe. Hata sanduku likiwa limetulia mahali pake, miti inabaki. Miaka mingi baadaye, Sulemani alipoliingiza hekaluni, miti ilikuwa bado ipo, mirefu kiasi kwamba ncha zake zilionekana kutoka patakatifu (1 Wafalme 8:8). Maana yake njia ya kulibeba iliundwa pamoja na sanduku lenyewe.

Kisha nenda Hesabu 4:5-15, na hapa usikimbie, soma polepole, ikibidi mara mbili. Kambi ikitaka kuhama, wa kwanza kuingia ni Haruni na wanawe. Wanashusha pazia la sitara na kulifunika sanduku kwa pazia hilo. Juu ya pazia inakuja ngozi, ambayo Biblia yetu inaiita ya pomboo. Juu ya ngozi nguo ya rangi ya samawi tupu. Halafu miti. (Mtu makini atauliza: kama miti haitolewi, inatiwa vipi tena? Wafafanuzi wengi huona ni kuiweka sawa, tayari kwa bega. Mjibu hivyo na uendelee, usikwame hapo.) Angalia jambo moja wengi hawalioni: meza, kinara na madhabahu vyote viliishia na ngozi kwa nje. Sanduku peke yake liliishia na samawi. Msafara mzima ukitembea jangwani, mtu aliye mbali anajua lile la buluu ndilo sanduku, anakaa mbali nalo.

Vyote vikishafunikwa, ndipo Wakohathi, ukoo mmoja wa Walawi, wanaingia kubeba. Ni wanaume wa miaka 30 mpaka 50, walihesabiwa 2,750. Hawaruhusiwi kugusa, wasije wakafa. Mstari wa 20 unaongeza kwamba hata kuingia kuvitazama vitu hivyo kwa dakika moja hawaruhusiwi. Kwa hiyo mwenzako akisema Mungu alimshtukiza Uza, mwonyeshe mstari wa 15. Onyo lilikuwa limeandikwa muda mrefu kabla baba yake Uza hajazaliwa.

Sasa sura ya 7, mstari wa 3 mpaka wa 9. Hii ndiyo iliyofungua macho yangu kuhusu jambo lote. Wakuu wa Israeli walileta magari 6 na ng'ombe 12. Gari la Biblia ni mkokoteni wa maksai, kama ile ya Nzega na Igunga inayobeba pamba na maji. Musa akawapa wana wa Gershoni magari 2 na ng'ombe 4, kwa sababu walibeba mapazia. Wana wa Merari akawapa magari 4 na ng'ombe 8, kwa sababu mbao, nguzo na vitako vilikuwa vyao, mizigo mizito kuliko yote. Wakohathi hakuwapa hata gurudumu, kwa sababu mzigo wao ni wa begani.

Kwa hiyo mkokoteni haukuwa haramu, Mama. Ulikuwepo, ulitolewa mbele za Mungu, ukapokelewa, ukatumika kubeba vitu vya hema ileile. Ndiyo maana mfalme Daudi, alipotaka kulileta sanduku Yerusalemu kwa gari, hakushtuka. Angechagua chombo ambacho hakijawahi kusikika, pengine kuhani mmoja angeguna. Gari lilifanana kabisa na jambo la sheria. Kilichokosewa ni nani amepewa nini, na hilo halijulikani kwa kuangalia, mpaka ufungue ukasome.

Na wazo la gari lilitoka wapi? Soma 1 Samweli 6. Wafilisti walikaa na sanduku miezi 7, wakapata majipu, wakaamua kulirudisha. Makuhani wao wakashauri gari jipya, ng'ombe wawili wanyonyeshao ambao hawajawahi kufungwa nira, na ndama wao wafungiwe nyumbani. Ulikuwa mtego wa kumpima Mungu, kwa maana ng'ombe mwenye ndama hamwachi ndama. Wakaenda moja kwa moja mpaka Beth-shemeshi, wanalia njia nzima, hawakukata kulia wala kushoto. Wafilisti hawakupigwa kwa ajili ya lile gari. Hawakuwa na Hesabu 4 nyumbani kwao. Daudi alikuwa nayo. Zaidi ya hapo, Kumbukumbu 17:18-19 ilimtaka kila mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake.

Jambo la mwisho kabla hujafika uwanjani ni 1 Mambo ya Nyakati 13:1-4. Daudi alifanya kikao. Aliwauliza maakida wa maelfu na wa mamia, kila kiongozi. Wote wakakubali, kwa kuwa jambo lilionekana jema machoni pa watu wote. Kikao kilipita bila kupingwa! Halafu wakatoka, watu 30,000 kwa hesabu ya 2 Samweli 6:1, vinubi, vinanda, matari, matoazi, gari jipya linang'aa, na katika shamrashamra yote hiyo hakuna anayeonekana akiuliza Musa alisema sanduku libebwe vipi.

Hapo sasa mlete Uza. Sanduku lilikuwa limekaa nyumbani kwa Abinadabu, Kiriath-yearimu, miaka 20 na zaidi. Uza na Ahio ni wa nyumba hiyo. Uza alilizoea, na mazoea yana taabu. Kutoka pale mpaka Yerusalemu hazifiki kilomita 20, ila ni nchi ya vilima. Walipofika uwanja wa kupuria wa Nakoni (Mambo ya Nyakati inamwita Kidoni, mjuaji mmoja lazima atalitaja hilo, mwambie ni uwanja uleule), ng'ombe wakakunguwaa, sanduku likayumba, Uza akanyosha mkono.

Simamisha somo hapo na fanyeni kwa vitendo. Chukua kamba, pima sentimita 112 kwa 67. Tafuta sanduku la kadiri hiyo, hata kreti za soda zikifungwa pamoja zinatosha. Lifunike kitenge cha buluu. Miti miwili mirefu ya mkaratusi ipite chini ya kamba za pembeni, kisha akina mama wanne wainue begani, wawili mbele wawili nyuma, watembee uani kwa Mama Doto mwingine yule mwenye uwanja mkubwa. Mwambie mmoja ajikwae makusudi. Mtaona kinachotokea: mzigo unainama kidogo, wale watatu wanaukaza, yule aliyejikwaa anashika mti wake kwa nguvu zaidi. Mikono yote iko kwenye miti. Waliowahi kubeba jeneza begani wanalijua hilo bila kufundishwa. Ukiyumba unang'ang'ania mti, huwi na mkono wa kupeleka kwingine. Kisha libebeni sanduku hilohilo kwenye toroli, mtu mmoja atembee pembeni, toroli lipite kwenye shimo. Mkono wa yule wa pembeni utaruka wenyewe.

Haya ya toroli ni maoni yangu, Biblia haikuyaandika kwa maneno, lakini sioni namna nyingine ya kulisoma. Amri ya miti na mabega ndiyo iliyokuwa ikimkinga mbebaji asiguse. Waliondoa kinga mwanzoni mwa safari kwa furaha, wakaja kubaki na mkono mtupu wa Uza. Kwa hiyo ukiniuliza kama Uza alionewa, nitasema alibeba kosa la msafara mzima pamoja na lake mwenyewe. La kwake ni kugusa. Lile la wote Daudi mwenyewe analikiri baadaye, 1 Mambo ya Nyakati 15:13: hawakumtafuta Mungu kama ilivyoagizwa. Hakusema "Uza alikosea", alijitia ndani. Na kabla ya kukiri alikasirika kwanza, kisha akaogopa, akaliacha sanduku miezi 3 kwa Obed-edomu. Wasomee na hasira yake. Wapo watakaofarijika kujua kwamba mfalme naye alikasirikia jambo hili hili linalowakera wao.

Safari ya pili ni fupi kuieleza. Makuhani Sadoki na Abiathari wakaitwa, Walawi wakajitakasa, Wakohathi peke yao 120 pamoja na mkuu wao Urieli. Wakalibeba mabegani kwa miti, kama Musa alivyoamuru. Baada ya hatua 6 wakasimama kutoa dhabihu. Na muziki? Uliongezeka. Daudi alicheza kwa nguvu zake zote. Hili litaje kwa sauti, kwa sababu wapo wanaodhani kutii kwa ukamilifu ni kununa.

Sasa hizo hadithi nyingine usizibebe zote, saa moja haitoshi. Sauli na kondoo wa Waamaleki wote wanaijua, na "kutii ni bora kuliko dhabihu" wanaiimba. Kama utaigusa, gusa pale tu anaposema ameitimiza amri ya Bwana huku kondoo wanalia nyuma yake. Naamani pia wanamjua.

Ambayo hawaijui vizuri ni 1 Wafalme 13, na kwa hali ya mji wetu na mabango ya mikutano kila kona ningeipa dakika 10 nzima. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliagizwa mambo matatu kule Betheli: usile chakula, usinywe maji, usirudi kwa njia uliyoijia. Mfalme Yeroboamu alimkaribisha nyumbani na kumwahidi zawadi, akakataa. Vizuri. Kisha akaja nabii mzee, akamwambia, mimi nami ni nabii, malaika amesema nami kwa neno la Bwana, rudi ule. Alimdanganya. Yule akarudi, akala, na njiani simba akamwua. Simba hakumla, wala hakumrarua punda. Alisimama tu kando. Tazama mtego ulivyo: mfalme mwovu alishindwa, akashinda mzee wa dini. Agizo alilopewa yeye mwenyewe alikubali lifutwe na kauli ya "nimeoneshwa" ya mtu mwingine, bila kuuliza. Wagalatia 1:8 inafunga mlango huo, hata kwa malaika.

Upande wa pili kuna wanaoongeza. Kumbukumbu 4:2 inakataza vyote, kuongeza na kupunguza, lakini kanisani tunakemea kupunguza tu. Amri ya Mwanzo 2:17 ni kutokula. Ukifika 3:3 pameshaingia "wala msiyaguse". Neno hilo halimo katika agizo la kwanza. Na Marko 7:9-13, Yesu anawakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, imewekwa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Sadaka ikawa njia ya kuivunja amri ya tano, au ya nne kwa hesabu ya jirani zetu Wakatoliki. Wapo watoto mjini wanaochangia ujenzi wa kanisa kwa mbwembwe na mama yao anaazima unga. Usiwataje majina.

Swali la kula kambale litakuja, jiandae. Mambo ya Walawi 11:9 inaruhusu wa majini wenye mapezi na magamba, na kambale ana mapezi, magamba hana. Wasabato wataonyesha kwamba tofauti ya safi na najisi ipo tangu Nuhu, Mwanzo 7:2, kabla ya Musa. Wengine watakwenda Marko 7:19 na Matendo 15, ambapo mitume waliwaandikia watu wa Mataifa mambo manne tu: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa, na uasherati. Wewe wapeleke Warumi 14, anayekula na asiyekula wasihukumiane, halafu songa mbele. Mkianza na kambale, Uza hamtamfikia.

Moja ya mwisho, na hii nakuomba usiiache hata muda ukibana. Mambo ya Walawi sura ya 10 watu wanaihubiri nusu. Nadabu na Abihu walisongeza moto wa kigeni, ambao Bwana hakuwaagiza, moto ukatoka ukawala. Wahubiri hufunga kitabu hapo. Endelea mpaka mstari wa 16. Siku hiyohiyo, maiti za wanawe zimetoka kuondolewa, Haruni alitakiwa pamoja na Eleazari na Ithamari wale nyama ya mbuzi wa sadaka ya dhambi mahali patakatifu. Musa akamtafuta mbuzi, akakuta ameteketezwa wote. Akawakasirikia. Haruni akamjibu, kwa maneno machache, kwamba yamempata mambo kama haya leo. Kama angaliila sadaka ya dhambi siku hii, je, ingekuwa vema machoni pa Bwana? Musa aliposikia, akaona ni vema. Sura imeishia hapo. Hakuna moto wa pili. Katika sura hiyohiyo, wawili walileta mbele za Mungu kitu ambacho hakuwaagiza, wakafa. Baba yao alishindwa kula alichoagizwa kwa sababu ya msiba, akasikilizwa. Siwezi kukupangia kanuni moja inayomeza yote mawili, na nadhani mwalimu wa somo akubali hilo mbele ya darasa. Ila mama aliyefiwa, atakayekuwa amekaa hapo Alhamisi, asitoke na Nadabu peke yake.

Kwa mpangilio: dakika 10 Kutoka na Hesabu, 5 za mkokoteni wa Wafilisti na kikao cha Daudi, 15 za vitendo uani, 10 za nabii wa Betheli, zilizobaki Haruni na maswali. Mwambie Doto akukatie miti asubuhi, isiwe mibichi sana, mkaratusi mbichi ni mzito na utaacha utomvu kwenye mabega ya watu. Kitenge kisiwe na maua, kiwe buluu tupu.

Pesa ya dawa za Baba nimeituma kwa simu jana, angalia kama imeingia. Halafu unirekodie hayo mabishano ya Uza, hasa swali la yule mama.

Mwanao,
Kulwa